Viwanja vinalala, watu wanapanda mulima: juu ya nini parseli za Uvira zinabaki wazi?

Mutu anayetembea Uvira kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, akaingia na huku kwetu Songo, anaona jambo moja ambalo tumelizoea mpaka hatuulizi tena. Katikati ya nyumba zilizobanana kuko kiwanja kitupu. Kimezungushwa miti ao kipande cha ukuta, ndani kuko lengalenga na muhogo wa jirani, na kwenye ukuta wameandika kwa rangi: "Parseli hii haiuzishwe." Hatua chache kutoka pale, familia ya watu wanane inalala ndani ya vyumba viwili na inalipa kila mwezi. Juu zaidi, vijana wanachonga ubavu wa mulima kwa jembe ili wapate mahali pa kusimamisha nyumba ya miti na udongo.

Muji wetu umebanwa. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, upande mwingine ni ziwa Tanganyika, na katikati ni ukanda mwembamba ambao mito kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inaukata vipande. Hakuna pa kupanukia, isipokuwa kaskazini kwenye bonde la Ruzizi ao kusini kwa kufuata barabara ya RN5. Muji wa namna hiyo haungepaswa kuwa na hata kiwanja kimoja kinacholala. Sasa juu ya nini vinalala?

Jibu la haraka, lile tunalolisikia kwenye foleni ya maji, ni kwamba viwanja ni vya wakubwa: wanasiasa wa Kinshasa, maofisa, wafanyabiashara wa Bukavu. Kuko ukweli ndani yake. Kuko pia udongo wa zamani usiokuwa na mutu wa kuuhangaikia. Anayekwenda Kiliba anajua mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari kilichosimama mwaka 1996. Lakini jibu hilo linatuacha sisi inje, na sisi hatuko inje. Viwanja vingine, na si vichache, ni vya wachimbaji. Ni vya watu wanaosoma ukurasa huu wakiwa Misisi, Lubichako, Kamituga ao Luhwindja, ama vya bibi zao waliobaki huku na watoto. Viwanja hivyo vilinunuliwa kwa feza ya dhahabu.

Tuanzie pale feza inapotokea. Shimo halilipi kama mushahara. Linaweza kunyamaza miezi sita, halafu siku moja linatoa. PDG wa shimo analipa deni la chakula na la mafuta ya mashini, anagawa na timu yake, anatoa ile ya chefu na ile ya Leta, na kile kinachobaki anakishika mukononi akijiuliza atakiweka wapi kabla hakijayeyuka. Benki iko mbali na machimbo. Na hata ingekuwa karibu, wazee wetu wana kumbukumbu. Wale walioweka akiba kwenye zaire waliona Oktoba 1993 zaire milioni tatu zikigeuka kuwa zaire mpya moja. Mwaka 1998 ikaja franka kongole, nayo ikateremuka mbele ya macho yetu. Mutu aliyekulia ndani ya hesabu hiyo hatutamulaumu akisema kwamba franka inaoza, dola inaibiwa, lakini udongo unabaki mahali pake.

Kwa hiyo anashuka Uvira, ananunua kiwanja, anarudi kwenye shimo. Kiwanja kile si mahali pa kuishi. Ni kibubu. Na kibubu hakivunjwi ovyo. Kinangojea ugonjwa, mahari, masomo ya mutoto Bukavu ao Bujumbura. Wakati kinangojea, bei yake inapanda yenyewe, na hapa tuseme jambo ambalo halipendezi: inapanda kwa jasho la wengine. Jirani akijenga, kiwanja kitupu kinaongezeka bei. Watu wa avenii wakichanga feza kuvuta bomba la maji, kinaongezeka. Barabara ikitengenezwa, kinaongezeka tena, na mwenyewe hajatoa hata kikapu cha muchanga.

Kukishika hakumugharimu sana. Kodi ya udongo usiojengwa iko, tena ni ya zamani: inatoka kwenye ordonansi-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, na leo ni ya province. Lakini inahesabiwa kwa kufuata daraja la mahali, haifuati bei ya soko. Kiwanja kikipanda bei mara tatu, kodi haina habari. Kodi ya namna hiyo haiumi, hata pale inapolipwa.

Kwa upande mwingine, kujenga kunauma. Simenti, vyuma, manjanja, mbao, fundi, vyote ni kwa dola. Muchimbaji anajenga kama vile shimo linavyotoa: leo musingi, mwaka kesho ukuta mpaka dirishani, halafu shimo linaingia maji na kazi inasimama. Viwanja vingi tunavyoviita vitupu viko na musingi ndani ya majani. Mwaka 2024 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 2.500 kwenye soko la dunia. Feza hiyo ikifika huku inaleta wanunuzi wa viwanja haraka kuliko inavyoleta matofari, kwa sababu kununua kiwanja ni kazi ya siku tatu, na kujenga nyumba ni kazi ya miaka.

Hizo siku tatu ndizo tunataka kuzizungumzia kwa urefu, maana shida kubwa inazaliwa ndani yake.

Muchimbaji anafika na feza na haraka. Anaonyeshwa kiwanja na komisioneri. Muuzaji anasema udongo huu ni wa babu yake. Wanaandika akti ya kuuzisha, mashahidi wawili watatu wanatia sahihi, chefu wa kartie anapiga muhuri, wanapata fishi ya parseli, wanakunywa soda, imekwisha. Wengi wetu tunaishia hapo na tunasema "niko na dokima." Kumbe sheria inahesabu mambo kwa namna nyingine kabisa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ile iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa inchi ni mali ya Leta. Mutu hanunui udongo, anapewa haki ya kuutumia. Na kifungu cha 219 kinasema haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu: sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na konsevateri wa hati za udongo. Akti ya kuuzisha na fishi ya kartie ni hatua za njiani, mwisho wa safari uko mbele. Anayefika mpaka kwenye sertifika na kuikalia miaka miwili bila mashitaka, kumutoa ni kazi ngumu sana. Anayeishia kwenye fishi anaweza kutolewa na mutu aliyefika baada yake, lakini aliyekuwa na mwendo zaidi.

Juu ya nini watu hawafiki mwisho? Kuko kupima, kuko kuweka mawe ya mipaka, kuko kontra, kuko ukaguzi, na kila ofisi ina karatasi yake na bei yake, zile za kwenye risiti na zile zisizo na risiti. Muchimbaji hana wiki tano za kukaa Uvira. Shimo lake linaweza kuchukuliwa na mwingine akiwa huku anangoja sahihi.

Ongeza na hili. Uvira imejengwa ndani ya udongo wa kimila wa Bavira. Leo ni muji wenye komini tatu, Kalundu, Kagando na Mulongwe, lakini familia zenye udongo wa mababu hazikuhama siku muji ulipopewa cheo. Kifungu cha 387 cha sheria ile ile kilisema udongo wa jamii za kimila unakuwa wa Leta. Kifungu cha 389 kikaahidi ordonansi ya Rais itakayoeleza haki za watu wa kimila ni zipi. Miaka arobaini ikapita, na zaidi, bila ordonansi ile kutoka. Ndani ya pengo hilo watu wawili wanaweza kuuzisha kiwanja kimoja, kila mumoja akiamini ana haki: huyu kwa jina la babu, yule kwa jina la Leta. Anayenunua ndiye anabaki tribinali.

Mutu mwenye wasiwasi wa namna hiyo hajengi. Hataweka vyumba kumi juu ya kiwanja ambacho kesho anaweza kuambiwa si chake. Anangoja aone. Anaweka rangi kwenye ukuta, "haiuzishwe", na anangoja. Kwa hiyo tukiuliza juu ya nini kiwanja kinalala, mara nyingi jibu ni kwamba mwenyewe anaogopa kukiamusha.

Hata mwenye kontra nzuri ana kitendawili chake. Kontra ya kupangisha ambayo Leta inatoa mwanzoni inaenda miaka mitatu, na ndani yake mumeandikwa kwamba unapaswa kukalia kiwanja ndani ya miezi sita na kuanza kukiendeleza ndani ya miezi kumi na minane. Ndiyo ile "mise en valeur" inayotajwa kila siku. Usipofanya, Leta inaweza kukirudisha. Ni sheria ya akili: ilitaka udongo utumike. Lakini imezaa musingi wa uongo, mistari mitatu ya mawe iliyowekwa ili mukaguzi aone kitu. Imezaa pia woga mupya, maana kiwanja kikirudishwa kwa sababu hakikujengwa, si lazima kiende kwa familia inayolala watu wanane. Kinaweza kwenda kwa mutu mwingine mwenye feza, naye akakilaza vilevile.

Ndipo anatafutwa zamu. Anapewa ruhusa ajenge kibanda kwenye kona, alime, afukuze wezi wa matofari. Miaka miwili ya kwanza anatumiwa kitu kila mwezi. Halafu shimo linanyamaza, feza haitumwi, zamu anabaki. Anaoa, watoto wanazaliwa pale, majirani wanamujua yeye. Siku mwenyewe anarudi, anakuta zamu ana fishi ya kartie kwa jina lake. Tumesikia habari za namna hiyo mara nyingi sana, na hatuwezi kusema kila mara zamu ndiye mwenye kosa. Mutu ambaye hajalipwa miaka saba alilinda nini, na kwa ajili ya nani?

Kuko pia viwanja vya vita. Oktoba 1996 vita vilianzia huku kwetu, na watu wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule na mpaka leo iko na watu wa Uvira na Fizi. Vita vya 1998 vikaongeza wengine. Kuko waliorudi wakakuta nyumba zao zimekaliwa. Kuko ambao hawakurudi, waliopelekwa Amerika ao Australia, na kiwanja chao kimebaki na mujomba anayengoja simu. Mujomba hawezi kujenga kwa sababu si chake, hawezi kuuzisha kwa sababu ndugu wengine watamushitaki. Kiwanja kinakaa. Vita vikisikika tena barabarani, hata mwenye feza anaacha kununua simenti.

Wengine wanasema dawa ni kodi. Tuangalie kwa majirani. Rwanda, kwa sheria ya 2018, iliamua kwamba kiwanja kisichoendelezwa kinalipa kodi ya ziada ya asilimia 100, maana yake mara mbili. Mwenye kiwanja kitupu Kigali anahesabu kila mwaka: nijenge, niuzishe, ao niendelee kulipa? Ni wazo la nguvu, na sisi tunalipenda kwa sehemu. Lakini Rwanda ilikwisha kuandikisha udongo wake wote, parseli kwa parseli, kabla ya kuweka kodi ile. Kila kiwanja kina jina. Hapa, kodi mara mbili ingemupata nani? Ingemupata yule aliyejitahidi mpaka sertifika, maana yeye ndiye anayeonekana kwenye buku. Mwenye viwanja sita kwa akti za kuuzisha tu, kwa majina ya shemeji na wapwa, asingelipa kitu. Na mujane ambaye bwana yake aliacha musingi na deni angelipa mara mbili kwa kosa la kuwa na karatasi nzuri. Kwanza kuandikisha kwa bei ambayo muchimbaji anaweza kulipa, tena bila kumupotezea wiki tano, kodi ifuate. Kuanza na kodi ni kuanzia mwisho.

Tumemutaja mujane, na hapo tunataka kusimama, kwa sababu watu wa machimbo wanajua jinsi mauti yanavyokuja: udongo unaporomoka, ao maji yanaingia, na mutu hana hata saa moja ya kueleza mambo yake. Kiwanja cha Uvira kinakuwa ndicho kitu peke yake alichoacha. Kodi ya Familia, ile sheria ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016 (hiyo "kodi" ni kitabu cha sheria, si ile ya kulipa), inasema watoto wanapata robo tatu ya urithi, wote, wa ndani ya ndoa na wa inje ambao baba aliwakubali akiwa muzima. Robo inayobaki inagawanywa kwa bibi, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Ndiyo sheria. Lakini ili bibi ahesabiwe kuwa bibi, ndoa ipaswe iwe imeandikishwa ofisini. Mahari peke yake, sherehe ya familia peke yake, havitoshi mbele ya hakimu. Wabibi wengi wa wachimbaji tunaowajua wana watoto watano na hawana akti ya ndoa.

Kinachofuata mumekwisha kukiona. Ndugu wa marehemu wanashuka, wanasema kiwanja ni cha familia. Akti ya kuuzisha ilibaki kwenye sanduku kule Misisi, ao ilikuwa kwa jina la rafiki aliyesaidia kununua. Mashahidi wamehama. Chefu wa kartie aliyepiga muhuri si yule wa leo. Kesi inaanza, na wakati wa kesi hakuna anayeruhusiwa kugusa. Vile viwanja vya zamani zaidi, vyenye miti mikubwa ndani, ukiuliza historia yake mara nyingi utakuta mazishi mwanzoni.

Tunawaambia ndugu zetu wa kwenye mashimo: andika jina lako mwenyewe, na la bibi yako pembeni. Acha fotokopi Uvira na ingine kwa mutu wa tatu. Kama feza ni ya kiwanja tu na si ya karatasi zake, basi bado haijatosha kununua.

Linabaki la maji, ambalo limegeuza hesabu zote. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilitoka ndani ya njia zake. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba yakabomoka. Mwaka ule ziwa nalo lilikuwa linapanda. Likapanda tena, na mwaka 2024 maji yakafika mpaka bandari ya Kalundu, yakakaa ndani ya nyumba upande wa Kilomoni na mupaka wa Burundi, na ng'ambo kule Gatumba ikawa vilevile. Watu walitafuta pa kwenda. Viwanja vitupu vya mahali pakavu vilikuwepo, na maandishi yao ukutani. Wenyewe hawakuwepo, zamu hawakuwa na ruhusa, na bei ilikuwa imekwisha kupanda kwa sababu pakavu pamepungua. Kwa hiyo watu walipanda mulima, ao walirudi kwenye ukingo wa muto ule ule. Kila familia inayochonga mulima inalegeza udongo ambao mvua itauleta chini. Kwa maoni yetu, kiwanja kinacholala pakavu na nyumba inayobomoka ukingoni ni habari moja.

Tanganyika haikuanza leo. Wazee wanakumbuka ilivyopanda mwaka 1964, kisha ikateremuka kidogo kidogo kwa miaka mingi, na watu wakajenga pale ilipotoka. Zamani zaidi, kabla ya mwaka 1878, ilikuwa juu kupita leo, mpaka maji yalipofungua njia ya Lukuga, pale Kalemie. Itateremuka tena. Siku hiyo kutatokea udongo mupya wa matope, bila mawe ya mipaka, bila miti, bila ukuta wenye maandishi. Sheria inasema kitanda cha ziwa ni cha Leta. Mwenye fishi ya parseli atasema kilikuwa chake kabla ya maji. Kuna wenye kontra za miaka mitatu ambazo miaka yake imeisha samaki wakiwa ndani, na miezi kumi na minane ya kuendeleza ilihesabiwa maji yakiwa kiunoni. Tumeanza kusikia watu wanaotafuta kununua parseli zilizo chini ya maji, kwa bei ya chini sana, kutoka kwa wenyewe waliokata tamaa. Hao wananunua kwa kungoja, na wana feza ya kungojea.